Plagi za Gari Hubadilishwa Lini?



Leo tutasoma habari za plagi. Plagi ni kitu kidogo. Inaenea katika kiganja cha mkono. Lakini gari la petroli haliwezi kwenda bila plagi, hata kama tangi limejaa na magurudumu ni mapya.

Huenda huna gari. Huenda una pikipiki, au pampu ya kumwagilia mboga. Soma somo hili hata hivyo. Pikipiki ina plagi, na pampu ya petroli ina plagi. Tena siku yoyote unaweza kupanda gari la jirani ukiwa na mgonjwa, na gari likakataa njiani.

Tuchukue mfano wa familia moja ya Mhunze, makao makuu ya Wilaya ya Kishapu. Familia imeuza pamba na ng'ombe kadhaa. Imenunua Toyota RAV4 ya petroli, iliyotumika Japani. Gari hilo linapeleka watoto shule. Linabeba magunia. Usiku linampeleka mama mjamzito Hospitali ya Kolandoto. Asubuhi moja gari linawaka kwa shida, halafu linatetemeka kama mtu mwenye homa. Likipanda kilima halina nguvu. Mafundi huita hali hiyo "misi". Wanasema gari linamisi.

Fundi wa kwanza anasema, "Plagi zimekufa." Fundi wa pili anasema, "Ni pampu ya petroli." Fundi wa tatu anasema, "Injini imekwisha, tafuta nyingine."

Nani amwamini? Fedha za pamba hupatikana mara moja kwa mwaka. Mwenye gari akiwatii wote watatu, fedha zitakwisha kabla mbegu za msimu ujao hazijanunuliwa. Tena huenda gari likaendelea kutetemeka vilevile.

KAZI YA PLAGI

Ndani ya injini mna silinda. RAV4 ina silinda nne. Kila silinda ina plagi yake. Petroli iliyochanganyika na hewa huingia ndani ya silinda. Pistoni hupanda na kuubana mchanganyiko huo. Hapo plagi hutoa cheche. Mchanganyiko huwaka, huisukuma pistoni chini kwa nguvu, na nguvu hiyo ndiyo inayozungusha magurudumu.

Cheche hiyo inatoka wapi? Betri ya gari ina volti 12 tu. Volti 12 haziwezi kuruka katika hewa iliyobanwa. Kwa hiyo kuna kifaa kinachoitwa koili. Koili hukuza umeme wa betri mpaka ufike volti 20,000 na zaidi. Umeme huo hupita katikati ya plagi, hufika kwenye ncha, na kuruka pengo dogo kwenda kwenye ncha ya pili. Kuruka huko ndiyo cheche. Pengo lenyewe ni dogo sana. Katika magari mengi ni kama milimita 1.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Gari likienda mwendo wa kawaida, injini huzunguka kama mara 3,000 kwa dakika. Plagi hutoa cheche mara moja katika kila mizunguko miwili. Basi plagi moja hutoa cheche 1,500 kwa dakika. Kwa saa moja ni cheche 90,000. Kila cheche hung'oa chembe ndogo mno ya chuma kwenye ncha. Huwezi kuiona chembe hiyo. Lakini baada ya saa nyingi ncha inalika kama jembe linavyolika shambani. Kona zake zinakuwa duara. Pengo linapanuka. Umeme unashindwa kuliruka kila mara. Petroli katika silinda hiyo haiwaki, nayo inatoka nje kwa bomba la moshi bila kufanya kazi. Ndiyo misi.

Kwa hiyo plagi ni kitu cha kuchakaa, kama tairi. Kubadilisha plagi si ishara kwamba gari ni bovu. Kosa ni kuzibadilisha bila hesabu: ama mapema mno, ama baada ya gari kukulaza porini.

KILOMITA NGAPI?

Jibu linategemea aina ya plagi. Zipo aina mbili ambazo lazima uzitambue.

Ya kwanza ni plagi ya kawaida. Ncha yake ya katikati ni nene, karibu sawa na kijiti cha kiberiti. Imetengenezwa kwa madini ya nikeli. Bei yake ni nafuu. Katika gari, plagi hizi huhesabiwa kuwa zimechoka zikifika kilomita 30,000 hivi. Ni vizuri kuzifungua na kuzitazama kila kilomita 10,000.

Ya pili ni plagi ya iridiamu. Ncha yake ni nyembamba kama sindano. Iridiamu ni madini magumu sana, hayaliki upesi. Bei yake ni kubwa, lakini plagi hizi kwa kawaida hufika kilomita 100,000. Zipo pia za platini, nazo hukaa muda mrefu kupita zile za nikeli. Magari mengi ya Japani yaliyotengenezwa tangu miaka ya 2000 yalitoka kiwandani yakiwa na plagi za aina hizi za kudumu.

Labda fundi wako ni mzee wa kazi, naye anasema plagi zote hubadilishwa kila kilomita 10,000 au 15,000. Usimcheke. Alijifunza kazi wakati petroli ilikuwa na madini ya risasi. Risasi ile ilikuwa ikiganda kwenye ncha za plagi na kuziua mapema. Tena ni sumu, hasa kwa ubongo wa watoto. Nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara ziliiacha petroli ya risasi mwanzoni mwa 2006. Petroli ya leo haina risasi, na plagi za leo si zile za zamani. Kwa hiyo hesabu yake ilikuwa sahihi kwa wakati wake.

Sasa tuitazame familia yetu ya Mhunze. Tuseme gari lao linakwenda kilomita 500 kwa mwezi. Kwa mwaka ni kilomita 6,000. Plagi za nikeli za kilomita 30,000 zitawatosha miaka mitano. Wakibadilisha kila mwaka, wanatupa plagi nzima mara nne. Lakini jirani yao ana gari la abiria la kwenda Shinyanga mjini na kurudi. Gari hilo linakwenda kilomita 5,000 kwa mwezi. Huyo atamaliza plagi za nikeli katika miezi sita. Plagi zao ni za aina moja, lakini tarehe zao haziwezi kuwa moja. Ndiyo sababu fundi akikuambia, "Badilisha kila mwaka," umwulize ni kila kilomita ngapi.

Gari lililotumika lina shida moja zaidi. Kilomita unazoziona kwenye dashibodi hazikuelezi plagi zilizomo ziliwekwa lini. Aliyekuwa nalo kabla yako hakukuachia habari. Kwa hiyo ukinunua gari kama hilo, fungua plagi mara moja uone ni za aina gani na zimelika kiasi gani. Kama huna hakika, weka mpya, na uanze kuhesabu kutoka hapo.

PLAGI INASEMA KWA RANGI YAKE

Sehemu hii isome mara mbili. Ndiyo inayookoa fedha nyingi.

Plagi ikitolewa ndani ya injini, itazame ncha yake kwenye mwanga wa jua. Rangi yake inaeleza hali ya injini.

Rangi ya kijivu, au ya kahawia kama chai ya maziwa, ni ya afya. Kama kona za ncha bado ni kali na kilomita hazijatimia, irudishe. Fundi akitaka kuitupa, mwulize sababu.

Rangi nyeusi na kavu, kama masizi ya sufuria, ina maana petroli ni nyingi kuliko hewa. Na hapa kwetu, kabla ya kulaumu kitu kingine, tazama chujio la hewa, lile ambalo mafundi huita eya klina. Katika miezi ya kiangazi vumbi la barabara za Shinyanga huingia mahali pote. Ukifuata nyuma ya lori la pamba kwa nusu saa, chujio lako limekula vumbi la wiki. Chujio likiziba, injini haipumui vizuri. Ukiweka plagi mpya na kuacha chujio lililoziba, plagi hizo nazo zinaweza kuwa nyeusi. Chujio ni karatasi tu iliyokunjwakunjwa. Likung'ute taratibu kila wiki wakati wa vumbi, na ununue jipya likichakaa. Lisioshwe kwa maji. Wala usiendeshe bila chujio, maana vumbi lenye mchanga litasaga silinda kama jiwe la kusagia.

Masizi huweza kuja pia kwa safari fupifupi. Ncha ya plagi ikipata joto la nyuzi 500 hivi hujisafisha yenyewe, masizi yanaungua. Gari la kwenda sokoni na kurudi, siku baada ya siku, halifikishi joto hilo vizuri. Safari moja ndefu inalisaidia.

Rangi nyeusi yenye unyevu wa oili ni habari mbaya zaidi. Oili ya injini inapenya na kuingia mahali pa kuwakia. Huenda ringi za pistoni zimelika, huenda mipira ya valvu imekauka. Plagi mpya zitaleta nafuu kwa siku chache, kisha zitalowa tena. Hapo uwe na moyo wa kusikia ukweli: kazi ni ya injini. Lakini omba upimaji wa mgandamizo wa silinda kabla ya kukubali kununua injini nyingine.

Rangi nyeupe kama chokaa, au ncha yenye malengelenge, inaonyesha joto limezidi. Pengine plagi si ya namba inayotakiwa, pengine haikukazwa, pengine petroli inafika kidogo. Usiendelee na safari ndefu. Plagi yenye joto kupita kiasi huwasha petroli kabla ya wakati, na pistoni inaweza kutoboka.

Mwisho tazama kile kigae cheupe, kilichofanana na udongo wa kikombe. Kikiwa na ufa, umeme unavuja hapo. Plagi hiyo itupe, hata kama ni ya jana.

MBELE YA FUNDI

Sasa umefika gereji. Tusome mazungumzo haya.

Fundi: Mwangaluka, baba. Gari linasemaje?
Wewe: Mwangaluka. Linatetemeka likiwa limesimama, na taa ya injini imewaka.
Fundi: Hizo ni plagi tu. Lete hela nikakununulie.
Wewe: Naomba kwanza uzifungue, nizione.
Fundi: Baba, mimi nimefanya kazi hii miaka mingi.
Wewe: Ndiyo maana nimekuja kwako. Zifungue, unionyeshe na mimi nijifunze. Na uzipange kwa mstari, ya kwanza mpaka ya nne, tujue ipi imetoka wapi.

Maneno hayo hayamvunjii fundi heshima. Fundi mwema atafurahi kuonyesha kazi yake.

Kuzipanga kwa mstari kuna maana. Kama plagi tatu zina rangi ya chai ya maziwa na moja ni nyeusi, basi ugonjwa upo katika silinda moja, si katika plagi zote. Katika magari mengi ya siku hizi kila plagi ina koili yake juu yake. Koili ikifa, silinda hiyo haiwaki, na plagi inalowa petroli bila kosa lake. Kuna kipimo kisichohitaji hela. Fundi azime injini, achukue koili ya silinda yenye misi, aiweke kwenye silinda nyingine, na ya huko ailete huku. Kisha awashe. Kama misi imehamia silinda ile nyingine, mbaya ni koili. Kama misi imebaki palepale, tafuta kwingine. Kwa kipimo hicho tu unaweza kuokoa bei ya plagi nne.

Wewe mwenyewe usiguse koili wala waya wa plagi injini ikiunguruma. Volti 20,000 si mchezo. Mwenye maradhi ya moyo anaweza kudhurika vibaya.

Maji nayo huleta misi. Wakati wa masika barabara za mbuga hujaa maji, na ukivuka dimbwi kwa kasi maji huruka mpaka juu ya injini. Vijana wa kuosha magari nao hupenda kumwaga maji juu ya injini. Maji yakituama katika shimo la plagi, umeme hupotea. Hapo usinunue kitu. Vua koili, kausha shimo kwa kitambaa au kwa upepo, kausha na koili, rudisha. Gari likiwaka vizuri, shida yako ilikuwa maji.

Kama gari lako ni kubwa zaidi, kwa mfano Toyota Harrier au Kluger ya silinda sita, sikiliza hili. Plagi tatu ziko mbele, fundi anazifikia kwa urahisi. Tatu ziko nyuma, zimejificha kati ya injini na ukuta wa chumba cha abiria. Kuzifikia lazima vitu kadhaa vifunguliwe, na kazi ni ya saa nyingi. Fundi mvivu hubadilisha tatu za mbele na kudai bei ya sita. Dawa ni nyepesi. Sema mapema: "Nipe plagi zote za zamani." Ukabidhiwe sita. Uzihesabu.

Lipo jambo moja la haraka. Taa ya injini ikiwaka na kutulia, fika kwa fundi siku hizo. Lakini ikikonyeza, yaani inawaka na kuzima, misi ni kubwa. Petroli isiyoungua inakwenda kuungulia ndani ya bomba la moshi, katika kile kifaa ambacho mafundi huita masega. Masega yatayeyuka na kuziba bomba. Punguza mwendo, simama mahali salama. Masega yakiharibika gharama yake inazidi plagi mara nyingi.

KUSOMA BOKSI LA PLAGI

Hapa ndipo kisomo chako kinafanya kazi. Zamani uliletewa boksi, ukaambiwa ni lenyewe, ukalipa. Sasa lisome.

Plagi moja ya kampuni ya Denso ya Japani, ambayo hutumika katika injini kadhaa za Toyota, imeandikwa SK20R11. Tuigawanye. Herufi K inaeleza ukubwa wa plagi na wa spana yake. Namba 20 ni namba ya joto. Herufi R ina maana kuna kizuizi ndani kinachozuia plagi isiharibu sauti ya redio na vifaa vya umeme. Namba 11 ni pengo, milimita 1.1.

Namba ya joto ina mtego. Kwa Denso, na kwa NGK ambayo pia ni kampuni ya Japani, namba kubwa ni plagi inayopoa haraka. Kwa Bosch ya Ujerumani ni kinyume. Tena kampuni hazitumii hesabu moja: 20 ya Denso inalingana na 6 ya NGK. Kwa hiyo usilinganishe namba za kampuni mbili kwa kubahatisha. Nunua maandishi yaleyale yaliyo kwenye kitabu cha gari, au kwenye kibandiko chini ya boneti kama kipo. Usikubali mwenye duka akikuambia, "Hii inafanana." Plagi ndefu kupita kiasi hugongwa na pistoni.

Plagi za bandia ni nyingi madukani. Boksi linaweza kuwa zuri, lakini tazama plagi yenyewe. Je, herufi zimechapwa sawasawa, au zimepinda na kufutika kwa kidole? Je, ncha imesimama katikati? Je, nyuzi za kukazia ni laini? Kama plagi inauzwa kwa jina la iridiamu na ncha yake ni nene kama kijiti cha kiberiti, umekwisha pata jibu. Na bei ikiwa nusu ya bei ya maduka mengine yote, jiulize nusu nyingine imekwenda wapi.

KUFUNGA

Injini iwe imepoa. Vichwa vya injini nyingi ni vya aluminiamu, na plagi ni ya chuma. Ukifungua kwa nguvu injini ikiwa ya moto, utatoka na nyuzi zake, na kichwa kitahitaji kazi kubwa. Kwanza puliza vumbi lililo kuzunguka plagi, lisianguke ndani ya silinda. Plagi mpya ianze kuzungushwa kwa mkono, si kwa nguvu ya spana. Ikigota, ndipo spana iongeze karibu nusu mzunguko. Kama ni ya zamani inarudishwa, pete yake imekwisha kandamizwa, kwa hiyo chini ya robo mzunguko inatosha. Usipake grisi. Plagi ya nikeli unaweza kuisugua kwa brashi laini na kurekebisha pengo lake. Ya iridiamu usiisugue kwa brashi ya waya wala kugonga ncha yake, itavunjika.

PIKIPIKI, PAMPU NA DIZELI

Pikipiki nyingi zilizotengenezwa kwa mtindo wa Honda CG125 hutumia plagi iliyoandikwa D8EA au DR8EA. Plagi ya pikipiki inafanya kazi ngumu. Ibadilishwe kila kilomita 8,000 hadi 10,000. Kijana wa bodaboda anayekwenda kilomita 100 kwa siku hufika 8,000 kwa siku 80, yaani chini ya miezi mitatu. Asishangae.

Pampu za petroli za kuvuta maji zinatumika bustanini na katika mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu kule Geita na Kahama. Injini ya Honda GX160, ambayo wengi wameiiga, hutumia plagi ya BPR6ES yenye pengo la milimita 0.7 hadi 0.8. Pampu haina kilomita. Hesabu yake ni ya saa, kwa hiyo andika saa inazofanya kazi kila siku. Wachimbaji wanajua hatari yake: pampu ikizimika, maji yanapanda na watu wako chini. Plagi moja nzuri ya akiba, ndani ya mfuko mkavu, iwe juu ya shimo wakati wote. Na pampu yenyewe isishushwe shimoni, maana moshi wa petroli unaua.

Injini za dizeli hazina plagi za cheche. Mashine nyingi za kusaga, matrekta, malori na Land Cruiser nyingi ni za dizeli. Dizeli huwaka kwa kubanwa tu. Baadhi zina plagi za kupasha joto, za kusaidia kuwasha asubuhi, lakini hizo ni kitu kingine. Mtu akikuuzia plagi za cheche kwa ajili ya mashine ya dizeli, mrudishie.

DAFTARI LA GARI

Nunua daftari dogo. Liweke ndani ya gari, lisichanganywe na madaftari ya watoto. Andika hivi:

Tarehe: 3 Agosti 2024. Kilomita: 148,300. Kazi: plagi nne mpya, nikeli. Maandishi ya plagi: ... Zitazamwe: 158,300. Zibadilishwe: 178,300. Duka: ... Fundi: ... Fedha: ...

Kila unapojaza petroli andika lita na kilomita pia. Kama zamani lita 40 zilikupeleka kilomita 400, na sasa zinakupeleka 330, kuna kitu kimeharibika, hata kama gari halijaanza kutetemeka. Anza na chujio la hewa, kisha plagi, na tazama pia upepo wa magurudumu. Mtu wa pili katika nyumba naye ajue daftari liko wapi na anaandikaje. Siku gari litakapoondoka usiku na mgonjwa, dereva anaweza kuwa yeye.

MASWALI

1. Plagi moja hutoa cheche 1,500 kwa dakika. Je, kwa dakika 20 hutoa cheche ngapi?

2. Gari lina plagi za nikeli zilizowekwa likiwa na kilomita 92,000. Sasa linasoma 115,500. Je, zimefika mwisho? Zimebaki kilomita ngapi?

3. Plagi nne zimetolewa. Zote ni nyeusi na kavu. Utatazama kitu gani kabla ya kununua plagi mpya? Na kama ni moja tu iliyo nyeusi?

4. Katika darasa lenu, nani ana pikipiki, gari au pampu? Mwombeni alete plagi ya zamani. Isomeni maandishi yake kwa sauti, kisha mwambieni rangi yake inaeleza nini.

5. Chora ukurasa mmoja wa daftari la gari, au la pikipiki, au la pampu. Ujaze mistari mitatu.